Kamani Iliyofichwa Ndani ya Ngozi

Hotuba kwa wanachama, mafundi wa ngozi na mafundi wa chuma



Kamati ya tawi imetupa nafasi jioni hii tuseme juu ya kitu kidogo, upana wake kama vidole viwili tu. Ni kibanio cha kamani, yaani springi, kinachotiwa ndani ya ala ya ngozi ili bastola isianguke. Wengi wenu mnashona viatu, mikanda na mikoba, na pengine mtauliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi? Twawaomba mtusikilize mpaka mwisho. Neno letu si la bastola tu. Ni neno la kazi isiyoonekana, na malipo yake.

Kwanza twaeleza kibanio chafanya nini. Ala ya kawaida huishika bastola kwa kubana kwa ngozi peke yake, au kwa kamba yenye kifungo. Lakini ngozi hulegea kwa kutumiwa, na kamba mwenyewe huiacha wazi akiwa na haraka. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, ikatokea ala iliyoitwa kwa majina ya Berns na Martin. Ala hiyo imepasuliwa upande wa mbele, na ndani ya ngozi mna kamani inayoikumbatia silinda, ile sehemu ya mviringo inayozunguka. Mwenye bastola haivuti juu. Huisukuma mbele, kamani ikafunguka, ikaiachilia.

Mwaka 1958 mwandishi Mwingereza Ian Fleming aliitaja ala hiyo katika kitabu chake Dr. No, akamvika James Bond. Lakini bastola aliyompa ilikuwa Walther PPK, ambayo ni bapa na haina silinda. Basi kamani ingekumbatia nini? Hapo twapata somo la kwanza: kibanio hutengenezwa kwa umbo la kitu kimoja, wala hakikopeshwi kwa kingine.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Bati halifai, wala chuma laini cha dirishani hakifai. Ukikipinda, hubaki kimepindika. Sisi hutumia msumeno wa mkono wa zamani, wenye unene wa karibu milimita moja. Chuma chake kina kaboni ya kutosha kushika ugumu. Hukitia motoni mpaka kiwe chekundu, kisha hukizika katika majivu kipoe polepole. Kikipoa kimelainika, na hapo ndipo hukikata, hukitoboa matundu ya riveti, na kukipinda juu ya mfano wa mti uliochongwa kwa vipimo vya bastola. Twasema mfano wa mti. Bastola yenyewe haina haja ya kulala mezani petu siku nzima, na yenye risasi haiingii karakanani kabisa.

Kingo zote hupigwa tupa mpaka ziwe laini. Mkwaruzo mdogo pembeni ndio mlango wa ufa. Halafu chuma hurudi motoni mpaka sumaku isikishike tena, na baada ya hapo kidogo tu, kwa maana chuma chembamba huungua upesi. Mara moja hutumbukizwa katika mafuta yaliyopashwa moto. Kikitoka, tupa huteleza juu yake bila kukila. Ndugu, hapa ndipo wengi hudhani wamemaliza. La! Chuma hicho sasa ni kama kioo. Kikianguka sakafuni chaweza kukatika.

Yabaki kazi moja, nayo ndiyo roho ya kamani. Hukisugua kiwe cheupe, tukakilaza juu ya mchanga wa moto katika sufuria, na kukitazama. Hugeuka rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu, ambayo huja karibu na nyuzi 300 za Selsiasi. Kwenye buluu hukitoa. Hapo ugumu umepungua kiasi, na chuma kimepata tabia ya kurudi mahali pake. Ukikitoa mapema kitavunjika. Ukichelewa sana kitalegea. Kazi hii haitaki nguvu, yataka jicho na subira, na mtu asiyeitwaitwa.

Mwisho kamani hupakwa mafuta, hufunikwa kwa ngozi iliyotiwa dawa ya magome ya miwati, ambayo ikiloweshwa hushika umbo, na hugongewa riveti baada ya ngozi kukauka kabisa. Unyevu ukibaki ndani, kutu italiwa na mnunuzi. Tena kamani isikaribie kifyatulio hata kidogo.

Ndugu wanachama, sasa twakiri kosa letu. Mfanyabiashara mmoja, ambaye hatumtaji, alituletea kazi ya ala 12 za wateja wake wenye leseni. Akakata bei ya ngozi na kushona tu. Tulipomwuliza juu ya vibanio, akasema, “Hicho kipande cha chuma nacho ni kazi?” Tulikuwa na shida ya pesa, tukakubali. Tukajiambia, kama halipii, basi naye asipate. Tukavitia vibanio ugumu, lakini ile kazi ya mchanga na rangi tukaifanya kwa kubahatisha, vyote 12 kwa pamoja, usiku, kwa mwanga wa taa.

Kibanio kimoja kikakatika mwenyewe aliposhuka kwenye gari. Bastola ikaanguka njiani mbele ya watu. Mungu alisaidia, haikulia. Yule mfanyabiashara akazirudisha ala zote 12 na akakataa kutulipa hata senti moja. Tulimpigia kelele sana. Lakini tulipobaki peke yetu, hatukuweza kutazamana usoni. Bei mbaya ilizaa kazi mbaya, na kazi mbaya ikatunyima mdomo wa kudai bei nzuri.

Kwa hiyo karakanani petu tumekubaliana mambo matatu, na twayaleta mbele yenu.

La kwanza: bei huandikwa kwa mistari miwili, ngozi mbali na kamani mbali, pamoja na saa zake. Asiyetaka kulipia kamani atashonewa ala yenye kamba na kifungo. Nusu kamani hatutengenezi. Na walioajiriwa kwa malipo ya vipande wakumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema alipwe kwa kadiri ya kazi aliyoifanya, mwisho wa mwezi au kazi ikiisha, lolote litanguliapo.

La pili: kibanio hakitoki mezani kabla ya kufunguliwa na kufungwa mara 50. Kisha mfano wenye uzito wa kilo moja hutiwa ndani ya ala, ikapinduliwa juu ya blanketi na kutikiswa. Ukianguka, kibanio chavunjwa hapo hapo, hata kama ni cha mzee wa kazi.

La tatu: miwani wakati wa kusaga na kupinda, na ndoo ya mchanga karibu na mafuta ya moto. Maji hayamwagwi juu ya mafuta yanayowaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tuvidai, na tukivipata tuvivae, si kuvitundika ukutani.

Ndugu zetu washona viatu, nanyi mnayo kamani yenu. Ni ile gundi na ule uzi wa ndani ambao mnunuzi haoni. Mjenzi anayo nondo ndani ya zege. Tukiificha kazi hiyo katika bei, twajiibia wenyewe. Tukiipunguza kwa siri, twamwibia mtu asiyetujua, aliyeweka usalama wake mikononi mwetu.

Anayetaka kuiona rangi ya buluu kwa macho yake na aje karakanani Jumamosi alasiri, na msumeno wake mbovu. Vijana waje mbele, wazee wakae karibu na mlango, moshi ni mwingi.