Surua na Hesabu ya Watoto Wetu
Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya maradhi ya surua, nasi twaona yafaa tuanze na ng'ombe.

Wazee walisimuliwa na baba zao habari za sotoka, iliyofagia mifugo ya nchi hii katika miaka ya 1890, hata matajiri wakawa maskini. Wataalamu wamechunguza virusi vya sotoka na vya surua, wakaona asili yao ni moja. Wakadiria kwamba vilitengana yapata miaka 2,500 iliyopita, wakati miji mikubwa ilipokuwa ikikua duniani. Sababu ni hii: aliyekwisha kuugua surua haugui tena, kwa hiyo katika kijiji kidogo maradhi hukosa watoto wapya, yakazimika. Lakini katika mji wa watu laki kadhaa, watoto huzaliwa kila siku, na surua haikosi pa kuingia.

Basi mitaa yetu, tangu Kaloleni na Bahati hata Kariobangi na Dandora, yaifaa sana. Mgonjwa akikohoa, virusi huweza kubaki hewani hata saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Tena huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele kutokea, mama angali akidhani ni mafua tu.

Mwaka 2002 Serikali iliwachanja watoto zaidi ya milioni 12, na surua ikapungua sana. Lakini mwaka 2005 ilizuka tena papa hapa Eastleigh, ikaenea hata wilaya za mbali. Hatusemi haya ili kumlaumu jirani yeyote. Virusi haviulizi kabila. Humpata mtoto aliyesahauliwa.

Na sotoka je? Chanjo yake bora ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, yapata mwaka 1960. Mifugo ilifuatwa hata nyikani, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Surua ina chanjo tangu mwaka 1963, nayo ingaliko. Je, tukubali isemwe kwamba ndama alitafutwa kwa bidii kuliko mtoto?

Zamani ilisemwa kwamba mtu asihesabu watoto wake mpaka surua imepita. Sisi twawaomba mwahesabu mapema. Kila mwanachama aulize nyumbani kwake, na kwa jirani kwa adabu: mtoto amechanjwa akiwa na miezi 9? Na mara ya pili, akiwa na miezi 18? Hiyo ya pili, iliyoanza nchini mwaka 2013, ni rahisi kusahauliwa, kwani mtoto amekwisha kutembea na mama amerudi kazini. Ili surua isienee, yatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara zote mbili.

Chama chetu kimezoea kuchanga fedha za mazishi. Mwaka huu na tuchange macho, ili michango hiyo isihitajiwe kwa ajili ya watoto.