Fedha za Utafiti Zimfuate Mgonjwa



Kila zinapogawanywa fedha za utafiti wa afya, swali la kwanza huwa ni nani anayestahili kupewa. Mara nyingi jibu huelekea kwenye taasisi yenye maabara kubwa. Historia ya hospitali ya Kuluva, karibu na mji wa Arua, yatufundisha kuwa jibu hilo halitoshi.

Mwaka 1961 daktari Denis Burkitt wa Mulago, pamoja na Ted Williams wa Kuluva na Clifford Nelson, walisafiri maili 10,000 kwa gari kuukuu, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi. Katika kila hospitali waliuliza kama watoto wa huko huugua saratani ile inayovimbisha taya. Gharama yote haikufika pauni 700. Lakini ndipo ilipodhihirika kuwa maradhi hayo hufuata nchi za joto na mvua nyingi.

Kule Kuluva, Williams aliandika kwa uangalifu habari za kila mtoto mgonjwa. Katika miaka ya 1970 watafiti wa kimataifa waliichagua West Nile, wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalitia nguvu ushahidi kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika na saratani hiyo. Basi hospitali ya shamba yenye daftari lililotunzwa vema inastahili fedha za utafiti.

Lakini kustahili ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuamua lipi litangulie. Mama aliyempakata mtoto mwenye taya lililovimba haulizi jina la virusi. Huuliza: mwanangu atapona? Nirudi mara ngapi? Nauli nitaipata wapi, na shamba nimwachie nani? Dawa za kutibu saratani hiyo zimejulikana tangu miaka ya 1960, na mwaka 1967 kituo maalumu kilifunguliwa Kampala. Hata hivyo, kutoka Arua hadi Kampala ni mwendo wa kilomita zipatazo 500. Mtoto anayekatiza matibabu njiani hufa kwa maradhi yanayotibika.

Namna ya kumfikishia mtoto huyo dawa hadi dozi ya mwisho ni swali la utafiti kama lilivyo la virusi, nalo lastahili fungu lake.

Wako watakaosema kuwa mama huyo si mtaalamu. Ni kweli, na hakuna anayemtaka apime damu. Lakini wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo wagonjwa na wazazi wao washirikishwe tangu maswali yanapochaguliwa, na kila anayeomba fedha aeleze matokeo yatamrudiaje mgonjwa.

Watoto wa West Nile walitoa damu yao, na dunia ikapata elimu. Ni haki elimu hiyo irudi Kuluva ikiwa tiba.