Taa ya Injini Haiwaki Bure

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

  Tayarisheni madaftari na kalamu, maana leo kuna namba za kuandika.

Somo letu ni juu ya motokaa. Ninyi mlioko Same na milima ya Upare hamhitaji kuambiwa faida ya motokaa. Mji wa Same uko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Ukiiacha barabara hiyo kwenda vijiji vya juu, safari ni ya kupanda. Gari hupanda na abiria kwenda Mwembe na Mbaga. Gari huteremka na magunia ya tangawizi kutoka Mamba. Gari hilo hilo humchukua mgonjwa usiku kumpeleka hospitali. Likiharibika katikati ya mlima, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Magari mengi tuliyo nayo siku hizi yalitumika kwanza Japani, kisha yakaletwa kwetu. Yana kompyuta ndani yake. Na mbele ya dereva, kwenye dashibodi, mna taa ndogo ya rangi ya manjano yenye picha ya injini. Madereva huiita taa ya cheki injini. Leo tutajifunza taa hiyo inasema nini, na kwa nini huwaka baada ya mtu kukata au kubadili ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi.

Safari ya moshi

Tuanze na injini yenyewe. Injini hula vitu viwili: petroli na hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na mafuta hupotea bure. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu. Ni kama kusonga ugali: unga na maji havina budi kwenda kwa kipimo.

Moshi ukitoka katika injini hufuata njia hii. Kwanza hukutana na sensa ya oksijeni ya mbele. Pili huingia katika masega. Tatu hukutana na sensa ya nyuma. Nne hupita katika sailensa, ambayo hupunguza kelele, kisha hutoka nje. Chora mstari katika daftari lako, uandike majina hayo manne kwa kufuatana. Magari mengine yana sensa zaidi, lakini mpango ni huo huo.

Sasa, sensa ni nini? Neno hili tumelisikia katika sensa ya watu ya mwaka 2022. Sensa ya motokaa haihesabu watu. Ni kifaa kidogo cha kuhisi, chenye umbo linalokaribia la plagi, kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa ambayo sisi twaihitaji ili kupumua, na moto wauhitaji msaada wake ili kuwaka. Sensa ya mbele huhisi ni oksijeni kiasi gani imebaki katika moshi. Ile ya aina ya kawaida hutoa umeme mdogo sana. Oksijeni ikibaki nyingi, umeme huwa karibu volti 0.1. Ikibaki kidogo, umeme hupanda hadi karibu volti 0.9. Kompyuta husoma umeme huo, ikaongeza au ikapunguza petroli. Kazi hiyo haipumziki wakati wote gari liendapo.

Watu wa milimani wanufaika sana na kazi hiyo. Kilele cha Shengena, kilicho kirefu kuliko vyote katika Upare, kina zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Same uko chini sana ya hapo. Kadiri upandavyo, hewa inakuwa nyepesi. Gari la zamani lenye kabureta, likirekebishwa tambarare, huweza kutoa moshi mweusi likifika juu, kwa sababu petroli ni ile ile lakini hewa imepungua. Gari lenye sensa na kompyuta hujirekebisha lenyewe njiani.

Tuje kwenye masega. Mafundi wameyapa jina hilo kwa kuwa ndani yake mna vijitundu vingi vilivyopangana kama sega la nyuki. Vijitundu hivyo vimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita humo, sumu yake hugeuzwa. Sumu moja ni kaboni monoksaidi. Hiyo ndiyo sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Haina rangi, wala haina harufu. Masega yakiwa mazima na yakiwa moto, huipunguza sana.

Sensa hizi zilianza kuuzwa katika magari ya Volvo mwaka 1976, nazo zilitengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Kwetu haziwezi kudumu bila petroli safi, kwa kuwa petroli yenye madini ya risasi huua masega na sensa pia. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha petroli ya namna hiyo kufikia mwaka 2006. Basi, kizuizi hicho kimeondoka. Kilichobaki ni msumeno wa mwanadamu.

Masega yakikatwa

Wako watu wanaokata masega kwa sababu mbalimbali. Mmoja ataka gari lingurume. Mwingine ameambiwa gari litakuwa na nguvu zaidi mlimani. Wa tatu ameshawishiwa na mnunuzi, kwa sababu ya yale madini tuliyoyataja. Fundi hukata, huchomelea bomba tupu mahali pake, na gari huondoka.

Wakati mwingine gari hilo huenda vizuri tu, na hapo ndipo penye mtego. Mwenye gari husema, "Mbona halina neno?" Lakini baada ya safari kadhaa taa ya injini inawaka. Kwa nini? Sensa ya nyuma kazi yake ni kuyapima masega. Masega yakiwapo, moshi wa nyuma huwa tofauti na wa mbele. Yakikatwa, sensa zote mbili huona moshi ule ule. Kompyuta husema, "Masega hayafanyi kazi," nayo huwasha taa.

Wapo pia wanaobadili ekzosi bila kugusa masega, lakini wakachomelea vibaya. Ufa ukiwa karibu na sensa ya mbele, hewa ya nje huingia katika bomba. Sensa huhisi oksijeni nyingi, kompyuta hudhani petroli imepungua, ikaongeza petroli isiyohitajiwa. Mwenye gari huona tangi linakauka upesi, akamlaumu muuza mafuta.

Na ufa ukiwa chini ya sakafu, moshi huweza kuingia ndani ya gari. Fikiri gari lililojaa abiria, jioni ya baridi, ukungu umeshuka, madirisha yote yamefungwa. Masega hayapo, sumu haikupunguzwa. Abiria wakianza kusema kichwa chauma, au wana kizunguzungu na kichefuchefu, dereva asimame, afungue milango, watu watoke wapate hewa safi. Usiseme ni kona za mlima tu.

Taa iliyozoeleka

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo moyo wa somo letu. Taa ya injini ni moja, lakini habari zake ni nyingi. Huwaka kwa masega, huwaka kwa sensa iliyokufa, huwaka kwa plagi isiyochoma. Tuseme mtu amekata masega na taa yake inawaka mchana na usiku. Mwezi wa kwanza humsumbua. Mwezi wa pili ameizoea. Mwezi wa tatu kosa jingine, kubwa zaidi, linatokea. Taa itamwambia nini, nayo ilikuwa ikiwaka tangu zamani? Taa inayowaka siku zote haisemi neno. Ni kama mlinzi apigaye kelele kila usiku bila sababu. Siku ya mwizi hakuna atakayeamka.

Wengine huona dawa ni kuinyamazisha. Huichomoa balbu, au huibandika karatasi nyeusi. Wengine huweka kipande cha chuma ili kuitoa sensa ya nyuma katika njia ya moshi, idanganyike. Wengine huchomoa betri: taa huzimika siku chache, kisha hurudi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Injini nayo ina maradhi.

Jueni tena kwamba taa hii ina namna mbili za kuwaka. Ikiwaka bila kupepesa, na gari linakwenda vizuri, waweza kuendelea taratibu hadi kwa fundi. Usiahirishe kwa majuma. Ikiwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, maana yake petroli haichomwi katika silinda moja au zaidi. Petroli hiyo hukimbilia katika ekzosi na kuungua humo, na masega huweza kuyeyuka kwa joto. Ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali salama, usimame. Usiulazimishe mlima. Na usisimame juu ya majani makavu, hasa kule tambarare za Kisiwani na Mkomazi wakati wa kiangazi, kwa maana ekzosi ya moto huweza kuyawasha.

Kusoma namba ya kosa

Hapa ndipo kujua kusoma kunapokuwa mali. Kompyuta ya gari huweka kosa kwa namba. Fundi mwenye mashine ya kupimia huichomeka chini ya dashibodi, na namba hutokea. Nyingi huanza na herufi P, kisha tarakimu nne. Mwombe fundi akuonyeshe namba kwa macho yako, uiandike katika daftari pamoja na tarehe. Andikeni hizi:

P0420: masega hayafanyi kazi ipasavyo.
P0135: kipasha joto cha sensa ya mbele kina kosa.
P0171: hewa imezidi petroli.
P0300: petroli haichomwi vizuri katika silinda mbalimbali.

Namba huonyesha mahali pa kuanza kutafuta. Haisemi, "Nunua kifaa hiki." Kwa mfano, P0171 yaweza kutokea kwa sababu ya ule ufa wa ekzosi tuliousema. Fundi akibadilisha sensa kabla ya kutazama ufa, umelipa fedha na ugonjwa umebaki. Basi umwulize, "Fundi, umejuaje kwamba ni sensa?" Swali hilo si dharau. Fundi mwema atakueleza.

Mambo ya kufanya

Kwanza, ukinunua gari, washa swichi kabla ya kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake. Ukisha kupiga stata, lazima izimike. Isipowaka kabisa, ujue taa ni mbovu au mtu ameinyamazisha. Uliza kabla ya kutoa fedha.

Pili, inama utazame chini. Ukiona bomba tupu lenye chomeleo jipya mahali pa masega, lipunguze gari hilo thamani.

Tatu, sailensa ikioza, ibadilishe bila wasiwasi. Iko nyuma ya sensa zote, haisumbui kompyuta. Lakini mwambie fundi asiguse masega.

Nne, masega yakiziba, gari hukosa nguvu mlimani. Kabla ya kuyabadilisha, tafuta kilichoyaziba. Huenda injini inakula oili, au plagi hazichomi. Usipotibu hilo, masega mapya nayo yataziba.

Tano, mtu akikuambia, "Nikupe fedha, unipe masega," kumbuka kwamba anakununulia pia taa yako, na pumzi ya abiria wako.

Maswali ya mazungumzo

Jadilianeni darasani, kila mmoja aseme.

1. Taja vitu vinne ambavyo moshi hupitia ukitoka katika injini.
2. Ikiwa kilo 1 ya petroli yahitaji kilo 15 za hewa, kilo 4 zahitaji kilo ngapi?
3. Kwa nini taa inayowaka siku zote ni hatari kuliko inavyoonekana?
4. Dereva wa gari la abiria amekata masega, na abiria hawajui. Je, wana haki ya kuulizwa? Toeni sababu.
5. Andika barua fupi kwa ndugu yako anayetaka kununua motokaa. Mweleze jinsi ya kuipima taa ya injini.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kesho ukipanda gari, mtazame dereva anapowasha swichi, uitazame na ile taa ndogo ya manjano. Sasa wajua inachosema. Kwaherini.