Zambia na Msumbiji: Njia Mbili za Ukombozi



Kusini mwa nchi yetu wako majirani wawili waliojikomboa kwa njia mbili mbalimbali. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964, kwa kura na mazungumzo. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 25 Septemba, wazalendo wa Msumbiji walikuwa wameanza vita vya ukombozi huko Chai, Cabo Delgado. Wao hawakupata uhuru mpaka tarehe 25 Juni, 1975. Wako wanaouliza ni nani kati yao aliyekuwa shujaa zaidi. Swali hilo halina maana. La kuuliza ni hili: kila mmoja alikabiliana na mtawala wa namna gani?

Wote wawili walianza kwa maneno. Ndugu Kenneth Kaunda alitiwa kifungoni mwaka 1959 na chama chake kikapigwa marufuku. Alipotoka Januari 1960, alishikilia msimamo uleule wa kupinga bila silaha. Mwaka 1961, wakati wa Chachacha, barabara zilizibwa, shule zikachomwa na watu wakauawa. Hata hivyo Uingereza haikufunga mlango wa mazungumzo, na uchaguzi ukafanyika mwaka 1962.

Huko Msumbiji, tarehe 16 Juni, 1960, wananchi walikusanyika Mueda mbele ya ofisi ya mtawala Mreno kudai haki yao. Walijibiwa kwa risasi. Ureno ilidai kwamba Msumbiji haikuwa koloni bali jimbo lake la ng'ambo. Mtu asiyekubali kwamba liko jambo la kujadiliwa, utajadiliana naye nini? Miaka miwili baadaye FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam, chini ya Ndugu Eduardo Mondlane, na mwaka 1964 ikashika silaha.

Tamko la Lusaka la Aprili 1969 lilieleza msimamo huo waziwazi: Afrika ilipendelea mazungumzo, na iliunga mkono silaha pale tu njia ya amani ilipozibwa.

Ndugu askari, yako mafunzo mawili yanayotuhusu sisi. La kwanza ni la Mueda. Aliyeamuru watu wapigwe risasi alidhani amemaliza fujo. Kumbe alikuwa akiwaandikia adui zake wapiganaji. Vita vilivyofuata viliwachosha Wareno wenyewe, hata wanajeshi wao wakaiangusha serikali ya Lisbon tarehe 25 Aprili, 1974. Mapatano ya uhuru yalitiwa sahihi Lusaka mwezi Septemba mwaka huohuo.

La pili ni gharama. Bunduki ikishashikwa, si rahisi kuiweka chini. Msumbiji huru iliingizwa tena vitani na RENAMO, iliyosaidiwa na walowezi wa Rhodesia na baadaye makaburu wa Afrika Kusini. Amani ilitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba, 1992 tu. Wahenga walisema: nusu shari kuliko shari kamili. Wananchi wa Msumbiji waliitafuta hiyo nusu kwanza, wakanyimwa.

Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu aliyepigana baada ya kufungiwa mlango. Lakini mwenye kulinda mlango huo, mara nyingi, ni askari. Mwananchi anapokuja mikono mitupu kusema shida yake, asikilizwe. Siku hiyo ndipo vita huzuiliwa.