Tezi, Omo na Ngama



Sisi wa Kinole ni watu wa mlimani, lakini maji ya Uluguru hushuka kwa Mto Ruvu hadi baharini, karibu na Bagamoyo. Nami kazi ya Serikali ilinishusha pwani, nikasafiri kwa jahazi.

Jahazi ni nyumba isiyo na vyumba. Nyuma ni tezi, mahali pa nahodha na usukani. Mbele ni omo. Katikati hupakiwa shehena, na juu yake mabaharia hutandika mikeka wakalala. Jiko ni kasha lenye mchanga, moto usije ukaunguza mbao. Choo ni kijisanduku kilichoning'inizwa nje, upande wa tezi. Chini kabisa ni ngama, ambamo maji yanayovuja hukusanyika. Maji hayo sharti yafuliwe usiku na mchana. Yakiachwa, tezi na omo huzama pamoja.

Ndiyo maana wahenga walisema: ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndugu zangu, wengi wetu leo tumekaa tezini, penye ofisi na vyeo. Paa la darasa likivuja, tusiwaachie vijana hawa peke yao. Turudi ngamani, tufue maji.