Kabla ya Kuchomelea Trekta, Fungua Betri

Katika mazungumzo yetu ya leo nitazungumzia jambo linaloweza kukukosesha mvua za kwanza: kuchomelea chuma cha trekta bila kukinga vyombo vyake vya umeme.

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, mafundi wa kuchomelea ni wengi. Wengi wamezoea kazi za machimboni, hasa kuunga makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Karasha la kawaida ni chuma, mkanda na mota. Fundi hubana waya wa athi popote penye chuma, akaanza kazi. Lakini mazoea hayo yakihamia kwenye trekta, yanaleta hasara.

Trekta nyingi za siku hizi zina kisanduku cha kuongoza injini, ambacho mafundi hukiita kontroo boksi. Trekta za zamani hazina kisanduku hicho, lakini nyingi zina altaneta ya kuchaji betri, na ndani yake mna vipande vidogo viitwavyo daiodi. Sasa fikirini: taa moja ya mbele hutumia ampea kama 5 tu. Mashine ya kuchomelea aghalabu hutoa ampea 100 au zaidi. Umeme huo lazima urudi kwenye mashine. Athi ikiwa mbali, hutafuta njia yoyote: bodi, beringi, hata nyaya za kontroo boksi. Kuzima swichi hakutoshi, maana nyaya bado zimeungana na bodi.

Basi fuateni utaratibu huu:

Kwanza, kama kilichovunjika ni jembe au haro, kifungue ukichomelee mbali na trekta. Hii ndiyo njia salama kuliko zote.

Pili, kama ni lazima kuchomelea kwenye trekta yenyewe, zima injini na utoe ufunguo. Fungua waya wa betri wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, cheche zitaruka, na gesi ya betri hulipuka.

Tatu, chomoa plagi za altaneta na za kontroo boksi. Shika plagi yenyewe, usivute waya. Zifunike kwa kitambaa kikavu, kisha zisogeze mbali na cheche.

Nne, kwangua rangi na kutu, kisha bana athi kwenye kipande kile kile kinachochomelewa, karibu kabisa na ufa. Usiibane kwenye injini, wala upande wa pili wa beringi. Nyaya za mashine ya kuchomelea zisilazwe juu ya nyaya za trekta.

Tano, ondoa nyasi na mafuta yaliyomwagika, weka ndoo ya mchanga karibu, na usichomelee tangi la mafuta.

Kazi ikiisha, acha chuma kipoe. Rudisha plagi zote, halafu betri: chanya kwanza, hasi mwisho.

Labda mtauliza, "Mimi sina trekta, nakodi tu, yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Trekta ya kukodi ikiharibika kontroo boksi wakati wa kulima, haitengenezwi kwa nyundo na spana. Kifaa kipya ni ghali, na huenda kikangojewa kutoka mbali. Wewe na majirani mliolipa zamu mtabaki mkitazama majaruba yakijaa maji bila kulimwa. Kwa hiyo ukiona fundi anawasha mashine na betri bado imefungwa, mwambie kwa heshima, "Fundi, ngoja kwanza tufungue betri." Kazi hiyo ni ya dakika chache tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.