Kutoka Ruzuku hadi Kikombe cha Mtoto

Hotuba kwa wajawazito na walezi, Mhunze, Wilaya ya Kishapu



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya safari moja fupi: safari ya msaada unaokusudiwa mtoto mdogo, tangu unapotolewa hadi unapofika katika kikombe chake cha uji. Msaada waweza kutolewa kikamilifu, na bado usimfikie mtoto. Sisi tulio katika kazi ya udhibiti tungependa mjue mahali unapoweza kupotelea.

Wataalamu wa lishe huzitaja siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka 2. Udumavu unaoanza katika siku hizo ni vigumu kuurekebisha baadaye. Ndiyo maana mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Na ndiyo maana ruzuku ya TASAF, katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, imefungamanishwa na mahudhurio ya kliniki.

Tuanze na yale yasiyouzwa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Chanjo za mtoto ni bure. Cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa, akiwa bado chini ya miaka 5, nacho hutolewa bila malipo katika mikoa iliyomo kwenye mpango wa usajili wa watoto hao, Shinyanga na Geita zikiwemo. Kaya za walengwa wa TASAF huibuliwa katika mkutano wa hadhara wa kijiji, mbele ya macho ya wote. Kwa hiyo, mtu akikuomba “hela ya maji” ili aliingize jina lako, anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Huduma ya bure haina dalali.

Lakini haki hiyo ina sharti lake. Mlengwa asipohudhuria kliniki, sehemu ya ruzuku yaweza kukatwa. Tunajua kwamba wakati wa palizi ya pamba siku ya kliniki husahaulika, na kwamba wengine hufuata riziki machimboni Geita. Mama anayesafiri achukue kadi yake ya kliniki, aendelee kuhudhuria kituo kilicho karibu naye, na amwarifu mtendaji wa kijiji kabla ya kuondoka. Neno moja la kuaga huweza kuokoa malipo ya kaya nzima.

Sasa tuingie sokoni, maana ruzuku ikishapokelewa, mama huwa mnunuzi. Unga wa lishe wenye nafaka nyingi na karanga hupendwa sana. Hata hivyo, mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu hushambuliwa na sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina ladha, wala haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walipoteza maisha kwa kula mahindi yaliyochafuliwa nayo. Mtoto anayekunywa uji huo kila siku yumo hatarini kuliko mtu mzima, kwani mwili wake ni mdogo na chakula chake ni kile kile.

Kwa hiyo, msinunue unga uliofungwa katika mfuko usio na jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi wala alama ya ubora ya TBS. Ukiweza, saga mwenyewe. Chagua nafaka moja, uwele au mtama wa hapa hapa Kishapu, kwa kuwa kurundika nafaka tano ni kurundika wanga juu ya wanga. Ongeza choroko, au karanga ulizozichambua kwa mkono na kutupa zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu. Saga kidogo, kimalizike upesi. Na kabla ya miezi 6, mtoto hahitaji uji wowote. Maziwa ya mama yanamtosha.

Jambo jingine ni pemba, udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito. Utafiti uliofanyika Geita katika jamii za wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta madini yenye sumu, arseniki ikiwa mojawapo, katika udongo unaoliwa na wajawazito. Mama anayeutamani asione haya. Amweleze muuguzi, kwani huenda amepungukiwa damu, na vidonge vya kuongeza damu hutolewa kliniki.

Ukidhulumiwa, usinyamaze. Tunza risiti na mfuko wa bidhaa, andika tarehe, kisha upeleke malalamiko kwa afisa afya wa kata. Yakihusu ruzuku, nenda kwa kamati ya jamii ya mpango kijijini, au kwa mratibu wa TASAF katika ofisi za halmashauri hapa Mhunze. Kuuliza si ujinga; na anayeuliza kwa ajili ya mtoto anamsemea asiyeweza bado kusema.